Safari ya Beni Niliyoiandika "Matembezi"

Mabinti zangu, mlipokuja kwangu mwezi uliopita na madaftari yenu mapya, mkaniuliza kazi ya kufundisha wanawake bajeti ya nyumba ilikuwaje, niliwaambia mambo mazuri tu. Niliwapa habari za waliojenga, za waliosomesha, za yule aliyenunua mashine ya kushona kwa akiba ya sabuni. Mliandika yote. Mlipotoka niliona aibu, kwa sababu mlikuja kujifunza kazi na mimi niliwapa sifa. Ndiyo maana nakaa leo kuwaandikia lile ambalo sikulisema. Nitatumia Kiswahili cha shule kadiri ninavyokikumbuka, ila watu nitawaacha waseme kama walivyosema: njo kwa ndiyo, donc kwa basi, mais kwa lakini.

Nilikuwa monitrisi, yaani mwalimu, katika foyer ya wanawake hapa Butembo, upande wa Kimemi, kwa miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu. Mnaijua nyumba ya namna hiyo: wanawake wanakuja kujifunza kushona, kusoma, kupika uji wa mtoto, na siku ya Alhamisi bajeti. Alhamisi ilikuwa yangu. Nilipewa somo hilo kwa sababu nilimaliza shule ya ualimu na mwandiko wangu ubaoni ulikuwa mzuri. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kulala bila chumvi nyumbani. Sikuwahi. Marehemu bwana wangu alikuwa mwalimu, tulikuwa na shamba, na mama mkwe wangu alikuwa na ng'ombe.

Mwaka wangu wa kwanza nilichora ubaoni nyumba ya mfano. Bwana anapokea mshahara mwisho wa mwezi, anamkabidhi mkewe, mke anagawa: huku chakula, huku shule, huku akiba. Nilifundisha hivyo majuma matatu kwa sauti kubwa. Juma la nne mama mmoja, muuza makala ya kupikia, alinyoosha mkono, akauliza kwa heshima kabisa huo mwisho wa mwezi huwa unaangukia siku gani, maana kwao haujawahi kufika. Darasa zima lilicheka. Mimi nilikasirika, nikamwambia akae.

Aliyeniokoa ni Mama Katungu, monitrisi wa kushona, aliyenipita kwa miaka kama ishirini. Aliniambia nifute ule ubao, nikae mkekani pamoja nao, na nisimwulize mtu kamwe anapata ngapi. Nimwulize jana alikula nini. Juu ya pesa yake mtu atakudanganya, kwa aibu au kwa kujivuna. Lakini alichokula jana atakuambia, na ukisha kujua alikula nini, alikula na nani, makala aliyapata wapi na sabuni alimkopa nani, nyumba yake umeiona yote. Tangu siku ile nilihesabu kwa siku, sikuhesabu tena kwa mwezi: nyumba hii inataka nini leo ili iamke kesho?

Kwa wanawake walioachwa alinifundisha mengine, na hayo yashikeni. La kwanza ni sufuria. Mwanamke aliyetoka katika nyumba ya watu wanane huendelea kupika bugali ya watu wanane. Mkono wake haujasikia habari ya talaka. Unga unakwisha kabla ya juma kwisha, naye anadhani jirani anamwibia. Usimhubiri. Mwambie aifunike sufuria kubwa, mwazime ndogo. Pale foyer tulikuwa na sufuria ndogo tatu za kuazimisha. Moja haikurudi kamwe, na Mama Katungu alisema tuiache, pengine imeolewa.

La pili ni garanti. Mwenye nyumba atataka garanti, pesa ya dhamana ya miezi kadhaa, na mwanamke mwenye haraka ya kutoka kwa shangazi yake atalipa yote, kisha hana mtaji wa kuuza hata ndizi. Afadhali chumba kibaya na mtaji mkononi.

La tatu ni kikwembe, yaani kitenge. Mwezi wa kwanza au wa pili, mwanamke aliyeachwa hununua kikwembe kipya ambacho hana uwezo nacho. Anataka akikutana sokoni na watu wa bwana wake wamwone amevaa. Mimi niligombeza. Mama Katungu aliniambia nisigombeze, na hata daftarini nisikiandike pamoja na nguo. "Andika na dawa," alisema. Nilicheka, nikaandika na dawa. Nilidhani ni mzaha wa mzee.

Sasa nije kwa Kahindo.

Alifika foyer akiwa na miaka kama ishirini na sita. Alikuwa mtu wa Kalunguta, binti wa wakulima wa maharagi na ndizi, Waprotestanti wa kanisa la hukohuko, wakati foyer yetu ilikuwa ya Wakatoliki. Siku ya kwanza aliuliza kama ataruhusiwa kukaa. Aliolewa Beni mjini, katika komine ya Ruwenzori, na bwana mmoja aitwaye Kasereka aliyeuza vyuma vya pikipiki. Walizaa mabinti wawili: Asifiwe, wa miaka sita, na Neema, aliyekuwa bado ananyonya. Kasereka akaleta mwanamke mwingine, jina lake Vumilia. Famili mbili zikakaa kusema maneno, zikakaa tena, na mara ya tatu zikakaa kwa kurudisha mbuzi wa mahari. Baba yake Kahindo akarudisha mbuzi waliodaiwa. Watoto, kama mnavyoijua desturi yetu, wakabaki wa baba. Neema aliachiwa mama yake kwa sababu ya kunyonya tu. Asifiwe alibaki Beni.

Kahindo akapanga chumba hapa Kimemi, akaanza kuuza unga wa muhogo kwa kopo, mezani, kando ya soko. Alikuwa mtu wa kimya, msafi, anayeshika neno ukilisema mara moja. Nilimpenda kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi asiyemchosha.

Nilifanya naye kila kitu kama nilivyofundishwa. Jana ulikula nini. Sufuria ndogo. Garanti tulienda pamoja kwa mwenye nyumba, akakubali ilipwe kwa vipande. Kikwembe hakununua, na nilimsifu kwa hilo. Lakini kila juma kulikuwa na tundu, na sikuona maji yanapotokea. Nilipomkalisha vizuri nikagundua. Kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, siku ambayo soko linajaa kuliko zote, Kahindo alifunga meza yake, akampandisha Neema mgongoni, akapanda gari ya Beni. Alilala kwa rafiki yake mmoja, akarudi siku ya Yenga, ndiyo Jumapili, jioni. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, mkate, sabuni ya mtoto, kitu cha kumshukuru rafiki aliyemlaza, na unga ambao hakuuuza siku ile. Nilijumlisha mwezi mzima. Ilikuwa sawasawa na kodi ya chumba chake.

Katika daftari lake vitu hivyo vilitawanyika kila mahali. Nilivikusanya katika mstari mmoja, nikautafutia jina. Nikaandika: Matembezi.

Nikamwuliza kama mtoto analala njaa kwa baba yake. Akasema hapana, anakula. Nikamwuliza kama anasoma. Akasema anasoma, yule Vumilia anamfulia hata iniforme.

"Donc hakuna kitu kinamukosa," nikamwambia. "Wewe na Neema njo munakosa."

Alilitazama daftari. "Anakuyaka kuningoya ku barabara, Mama," akasema. "Tangu asubui anasimamaka pale."

Nikamjibu kwamba hata mtoto anayengoja barabarani huzoea. Nikamwambia aende mara moja kwa mwezi, auze siku za posho, mtaji ukue, na baada ya mwaka ataweza kwenda mara nyingi kuliko sasa, tena akiwa na zawadi za maana. Nilisema hayo kwa upole, na niliyaamini. Kisha nikachukua biki nyekundu nikaukata ule mstari, nikaandika chini yake hesabu mpya, na hesabu ikakubali. Kahindo akasema sawa, Mama Monitrisi. Akaniambia wasingya, asante ya kwetu, kwa mikono miwili.

Mama Katungu wakati huo alikuwa amekwisha kuacha kazi, lakini Alhamisi alipita foyer kwa mazoea. Alifungua daftari la Kahindo, kwa sababu nililiweka juu ya meza ili alione. Akaweka kidole palipokatwa, akaniuliza ni matembezi ya wapi. Nikamweleza yote. Akaniuliza kama niliwahi kupanda gari na huyu mama hata mara moja, nikaona anaenda wapi. Nikasema sina haja, hesabu inajionyesha yenyewe.

"Uende naye kwanza," akasema. "Kisha ukate."

Sikuenda. Nilikuwa na wanawake thelathini darasani na nilijiona na kazi nyingi. Mwaka uliofuata Mama Katungu alikufa, na kati ya yote aliyoniambia, hilo ndilo pekee ambalo sikulifanya hata kwa kujaribu.

Mnataka kujua kama bajeti ilifaulu? Ilifaulu kuliko zote nilizowahi kupanga. Ndani ya miezi michache Kahindo alimaliza garanti. Baada ya mwaka alinunua unga kwa magunia, akawauzia wale wanaouza kwa makopo. Baadaye akapata depo yake, nyumba ya mbao yenye kufuli mbili, na watu wa chukudu, vile vigari vya mbao, walimletea mizigo bila kuuliza atalipa lini, maana walimjua. Neema, ambaye baba yake hakurudi kumdai, alisoma. Wageni wakija kutoka Goma kuangalia kazi ya foyer, nilimwita Kahindo asimame atoe ushuhuda. Alisimama, akasema alianza na nini, akapanga nini, akafika wapi, akakaa. Ushuhuda wake ulikuwa mfupi kuliko wa wengine. Nilifikiri anaona haya.

Safari zilienda hivi. Kila juma ikawa kila mwezi. Kila mwezi ikawa kila mwisho wa trimestri, yaani kila miezi mitatu, kwa sababu mwanzo wa mwezi magunia yanafika na mwisho wa mwezi wadeni wanalipa, na katikati kuna mazishi na arusi. Tena hakulala. Rafiki yule alihama, na kulala kwa watu wengine kunataka matumizi, basi alienda asubuhi na kurudi na gari ya jioni. Kisha ikaja miaka ambayo njia ya Beni haikuwa njia ya kwendea kuona mtu. Mnaijua miaka hiyo ya mauaji, sina la kuwaeleza. Wakati huo alituma unités za kupigia kwa telefoni ya Kasereka ili asikie sauti ya mtoto. Mtoto alisema, jambo mama, niko muzuri, kisha akarudisha telefoni kwa mwenyewe.

Kuna siku moja siwezi kuisahau. Kahindo alikuja kwangu nyumbani akiwa anacheka. Alikuwa ametoka Beni, amemnunulia Asifiwe viatu vya shule vizuri vya ngozi. Mtoto alivijaribu mbele ya watu, kidole hata hakikuingia. Vilikuwa vya mguu wa mwaka juzi. Alivinunua kwa kumbukumbu. Vumilia akawahi kusema taratibu kwamba vitamfaa mdogo wake wa pale nyumbani. Kahindo alinisimulia hayo akicheka mpaka machozi, nami nikacheka naye. Kisha nikampa shauri. Nilimwambia safari ijayo aende na kamba, aupime mguu wa mtoto, afunge fundo, aiweke kamba mfukoni, hapo hawezi kukosea tena.

Kamba. Mama mtu amekaa mbele yangu amesahau ukubwa wa mguu wa mwanawe, na mimi nikamfundisha kupima. Ni shauri zuri, mnaweza kulitumia. Ila siku ile haikuwa siku yake.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu mambo yalibadilika. Vijana waliosoma walituletea fishi, karatasi zilizopigwa chapa, kila kitu na kisanduku chake, unajaza tu. Nyinyi sasa mnazo ndani ya telefoni. Sizisemi vibaya, zinaokoa muda na hazipotezi hesabu. Lakini niliitafuta humo safari ya mwanamke anayekwenda kuona mtoto wake, sikuipata. Nikamwuliza kijana aliyetufundisha tuiweke wapi. Akasema tuweke mwisho kabisa, kwenye "mengineyo". Nilitaka kumwambia kitu, nikaona sina haki, maana mimi niliiweka pabaya zaidi.

Nilikuwa nimekwisha kupewa kiti na kikwembe cha kuagwa, nakaa nyumbani kama mnavyonikuta, Kahindo alipokuja kuniambia Asifiwe anaolewa. Famili ya Kasereka ilimwita kwenye siku ya mahari. Alitaka nimsindikize, kwa sababu hakutaka kufika peke yake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipanda gari ya Beni pamoja naye. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu nilipoambiwa niende.

Pale Ruwenzori walitukaribisha vizuri, wakatuweka benchi la pili, katikati ya wageni. Asifiwe alikuwa msichana mrefu, mwenye paji la uso la mama yake, hata mimi nilimtambua kabla hajaonyeshwa. Alipita kusalimia benchi kwa benchi. Alipofika kwetu alipiga goti kidogo, akatoa mikono miwili. "Wasingya kukuya, Mama Kahindo," akasema, akapita kwa anayefuata.

Mnaelewa nasema nini. Kwetu mama mtu anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama Kahindo ni namna ya kumwita jirani.

Wakati wa kugawa mbuzi ulipofika, msemaji wa famili aliinua sauti akaomba Mama Asifiwe asimame apokee mbuzi wa mama na kikwembe cha mama. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye, nikaona mkono wa Kahindo unashika benchi, mwili unaanza kuinuka. Mbele, Vumilia alikuwa amekwisha kusimama. Mtaa mzima ulimwita Mama Asifiwe tangu miaka mingi, hakufanya vibaya. Kahindo akarudisha mwili wake polepole, kama mtu aliyekuwa anatengeneza nguo.

Lakini Vumilia aliona. Alitoka kule mbele na kile kikwembe mkononi, akaja mpaka benchi letu, akamshika Kahindo mkono ili wasimame wote wawili. Kahindo alimshika naye mkono, hakusimama.

"Hapana," akamwambia kwa sauti ndogo. "Wewe njo ulimuchunga mu homa. Pokea."

Tulirudi jioni ileile. Ndani ya gari nilitafuta maneno tangu Beni. Mwisho nikamwambia bila kuyapamba: ule mstari sikupaswa kuukata. Sikuwa na haki ya kuuita matembezi, na niliambiwa na mtu mwenye akili kuliko mimi niende kwanza nione, nikakataa.

Alikuwa anatazama dirishani. Tulikuwa tunapita Kalunguta, mahali pa wazazi wake, na alingoja mpaka tulipopita.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mais nilikuogopa, Mama. Wewe ulikuwa na biki, mi nilikuwa muke ya kurudishwa. Nilisema pengine benye kusoma banajua batoto kunipita."

Akaongeza kwamba nisijibebeshe yote. Mwaka wa kwanza alilia kila siku ya posho, nyuma ya meza yake, mteja akija anapangusa uso. Mwaka wa pili hakulia. Mwaka wa tatu, siku ya posho ilipofika, alianza kufurahi kwa ajili ya wateja. "Njo ile inaniumiza," akasema. "Hapana wewe. Ile furaha."

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Nilipokaa kazini nilijua kwamba mtu aliyeachwa ana njaa, ana deni, ana aibu. Sikujua kwamba ana hofu ya anayemsaidia. Anakubali haraka, anakushukuru kwa mikono miwili, na wewe unadhani amekubaliana na wewe. Sasa mkiwa na mama mbele yenu na mstari usioeleweka, msiuandike jina kabla hajaupa jina yeye. Na kama ni safari, ingieni garini. Nauli yake itawauma nyinyi, lakini mtajua.

Mwaka huu Asifiwe amezaa, mtoto wa kiume. Aliyeitwa kwenda kumwangalia mzazi, kumchemshia maji na kumpikia uji, alikuwa Vumilia, na ni haki yake. Kahindo alipata habari siku ya tatu, kwa telefoni, kutoka kwa mkwe. Alininyanyua tena nimsindikize. Alibeba samaki, maharagi mapya ya Kalunguta na vikwembe viwili vya kumbebea mtoto.

Tulimkuta Asifiwe amekaa kitandani, mchovu, mwenye adabu. Vumilia alikuwa nyuma anafua. Kahindo alimpokea mjukuu, akamgeuza, akamtazama mgongo na vidole kama wafanyavyo wazee. Tulikunywa chai. Tuliongea juu ya bei ya makala, juu ya mvua. Kisha Asifiwe akauliza, bila ubaya wowote, kama mwenyeji anayetaka kujua apike lini:

"Mama Kahindo, gari yenu ya mwisho iko saa ngapi?"

"Saa kumi," Kahindo akasema.

Asifiwe akatikisa kichwa polepole. "Saa kumi," akasema. "Nilipokuwa mutoto nilizaniaka saa kumi iko jina ya kitu mubaya. Ulikuwaka unafika, unanishika, kisha unauliza batu saa. Siku yote saa. Mi nilikuwa nasema, hii saa kumi ilimufanya nini mama yangu, inamufwata mpaka huku?"

Alisema akitabasamu, kama tunavyosimulia upumbavu wetu wa utoto. Hakujua alichosema. Mimi nilijua, kwa sababu ile gari ya saa kumi ilikuwa yangu. Ilizaliwa siku nilipoukata ule mstari kwa mkono wangu, na hesabu ikakubali.

Kahindo alikaa na mtoto mapajani. Kisha akaingiza mkono katika mkoba wake, akatoa funguo mbili za depo, akanipa.

"Enda na gari, Mama," akasema. "Bateja bakiuliza, useme depo imefungwa."

Nikamwuliza mpaka siku gani.

"Sijue."

Asifiwe alimtazama, akautazama na mlango, kule nyuma Vumilia alikokuwa anafua. Niliogopa atasema hakuna pa kulala. Alisema tu kwamba kwake usiku mtoto analia sana. Kahindo akasema hilo si kitu.

Nilirudi peke yangu. Siku tisa wateja walikuja mpaka kwangu kuniuliza Kahindo ameenda wapi, kama ni mgonjwa, kama amefilisika, na wawili walihamia kwa mwuzaji mwingine, hawajarudi mpaka leo. Siku ya kumi alifika, akapita kwangu kabla ya kwenda kufungua. Alikuwa amekonda. Nilimwekea chai. Aliniambia kwamba usiku alimshika mjukuu ili Asifiwe na Vumilia walale, na mchana yeye alilala. Hawakusema maneno mengi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeomba msamaha.

Nikamwuliza lile ambalo nilitaka kujua tangu siku ya kwanza, kama mwanawe sasa anamwita mama.

"Hapana," akasema. "Mpaka leo asubui iko Mama Kahindo." Akamaliza chai yake, akachukua funguo zake mezani. "Njo jina yangu, Mama. Nitaitika."